Aliyekata Pori Kwanza

Émérance alitema mate, yakaanguka karibu kabisa na kiatu cha Waridi. Barza nzima, baraza la chefu wa kijiji, ikageuka kumtazama.

"Ule mwanamuke anasema uongo," alisema bila kumtazama. "Babu ya bwana yangu njo alikata pori ya kile kilima. Kaburi ya mama yake iko kule juu mpaka leo."

Kesi iliposikilizwa safari iliyopita hapakuwa na kaburi lolote katika maelezo yake. Safari iliyopita babu huyo alikata pori, akapanda michikichi, basi. Na kabla ya hapo alikipata kilima kwa kutoa mbuzi. Chefu Iliasi alijifuta uso kwa kofia yake, akamwomba Mungu subira.

Kilima chenyewe kiko upande wa Lusangi, na hakina uzuri wowote. Ni mawe na nyasi, na kijito kinachotoka chini yake kwenda bondeni, ambako wajane hawa wawili hulima mpunga, kila mmoja upande wake wa maji. Zamani waliazimana hata chumvi. Kisha mfanyabiashara mmoja, Dady, akaja kwa pikipiki kutoka Kabambare, akaosha mchanga kidogo pale kijitoni, akaona dhahabu. Akatangaza kwamba mwenye kilima atajengewa nyumba ya mabati, na kwamba wachimbaji wake wako tayari na masururu. Wiki hiyohiyo wajane wakawa maadui.

Desturi ya kule haina haraka na mtu. Kilima kikiwa na kesi, kuti la mchikichi hufungwa njiani, na hapo hakuna anayeingiza jembe wala sururu. Hulifungua wenye kesi wenyewe, pamoja, siku watakapokubaliana ni nani aliyekata pori kwanza. Mwingine akiligusa, wafu wa kilima watamfuata mpaka nyumbani, na chefu Iliasi hakutaka wageni wa namna hiyo. Dady alimletea mbuzi ili aharakishe mambo. Mbuzi aliliwa, kuti likabaki.

Na wenye kesi hawali pamoja wala hawaombani moto. Wajane hawa walilishika hilo vizuri mno. Wakikutana njiani, mmoja huingia kwenye nyasi ili kivuli cha mwenzake kisimpate.

"Mama, mutupe versioni moja tu," Dady alisihi.

Yeye huita versioni, kwa sababu alisoma. Chefu huita masimulizi. Wazee wa barza husema namna: iko namna ya Waridi na namna ya Émérance. Wanawake wa soko la Wamaza, ambao hawana muda wa kupoteza, huita uongo mtupu.

Waridi alisimama, akatengeneza kitambaa chake kichwani. Kwa sauti ya baridi alieleza kwamba mama wa yule babu alizikwa Wamaza, na kila mtu anajua. Babu wa marehemu mume wake ndiye aliyetoka Kasongo na mbegu za limau, akakata pori, akapanda. Asiyeamini apande akaangalie.

Dady aliruka kutoka kwenye kiti. Mlimau alikuwa ameuona kwa macho yake, mkubwa, umezeeka. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mlimau haujipandi wenyewe juu ya kilima. Wote wakamgeukia Émérance.

Émérance alitazama chini muda mrefu. Mabega yalimshuka, akaonekana mzee ghafla. Mtu yeyote mwenye moyo angemhurumia.

"Kama mulimau iko," alisema polepole, "basi labda..."

Dady alikwisha kutoa ufunguo wa pikipiki mfukoni. Chefu alikwisha kunyoosha mkono ili afunge kesi. Waridi alichotakiwa ni kufunga mdomo tu, lakini mdomo wa mwanamke huyo!

"Labda nini?" alisema. "Watu yenu walifika kule na mizigo ya babu yetu kwenye kichwa. Mubeba mizigo hana kilima."

Kuna maneno ambayo Maniema hayasemwi, na kumwita mtu mjukuu wa watumwa ni mojawapo. Émérance aliinua uso, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli. Akasema hakubali, hatakubali, na wajukuu wake hawatakubali. Akatoka. Barza ikavurugika, na chefu akaahirisha kesi hadi mpunga uvunwe.

Dady alimfuata Waridi hadi uani, akimwambia kwa uchungu kwamba alikuwa na kilima mkononi akakitupa. Waridi alimjibu kwamba heshima ya ukoo wake haiuzwi kwa mabati, akaenda zake kwa njia nyingine, mbali na mwenzake. Dady akawasha pikipiki huku akiwalaani wote wawili na mababu zao.

Mchana, kwenye kijito, pale kinapotoka chini ya kilima, Émérance alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji safi, ambayo masururu ya Dady hayajayageuza tope. Waridi alitokea kwenye nyasi, akakaa kando yake, akafungua jani lenye wali na samaki, akamkatia nusu.

"Ile ya mizigo, yaya, ilinichoma kweli," alisema Émérance, kama anayemwita dada yake mkubwa.

"Unisamehe. Uso yako ilinitisha, nikazania unakubali kweli." Waridi alilamba vidole. "Mara ingine ni zamu yangu ya kukubali. Utafute tusi yako mapema."