Miguu Mizima

Kapteni, mwenye nishani tatu za ushujaa, alivunja mlango kwa teke na kuruka maiti ya mlinzi aliyetoka kumuua kwa risasi. Ndani, mateka tisa waliovaa matambara walikuwa wameegemea ukuta.

"Simameni, ndugu zangu. Tunarudi nyumbani."

Hakuna aliyesimama. Nyayo zao zilikuwa zimepigwa mpaka zikapasuka, na kucha zimeng'olewa. Mmoja tu alikuwa na miguu mizima, laini, yenye alama za buti kwenye vifundo.

Kapteni akamwelekezea bunduki.

"Mwache, mkuu," alisema mateka mzee, mdomo umejaa damu. "Huyo mwenzetu."

"Mwenzenu tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Aliamriwa atuue, akakataa. Tukamvika shati la mwenzetu aliyekufa."

Nje, koplo alikuwa akipita chumba kwa chumba, akiwamaliza walinzi waliojeruhiwa. Mdogo wake alifia katika gereza hili.

"Afande, amebaki mlinzi mmoja," aliita. "Yuko huko?"

Mlinzi alifumba macho, midomo ikitetemeka kwa sala. Kapteni aliijua sala hiyo. Alifundishwa na mama yake.

Aligeuza bunduki, akashusha kitako juu ya vidole vya miguu ile mizima kwa nguvu zake zote, mara mbili, mara tatu, mpaka kucha zikaruka.

Koplo alipochungulia, alimkuta Kapteni amepiga magoti, amekumbatia kichwa cha mtu anayelia.

"Humu ni mateka watupu, koplo. Huyu hawezi kutembea. Mbebe mgongoni."