Mshono wa Boksi la Flashi

"Hukupepesa hata kidogo, Baba," nilisema nikitazama picha kwenye kamera.

Wengine wote pichani walikuwa wamefumba macho. Mama alifumba, dada alifumba, mjomba akageuza uso kabisa. Baba peke yake alikaa macho wazi, na ndani ya kila mboni kulikuwa na kiboksi cheupe kinang'aa.

Nikajipa sifa. Vifaa vya dukani vya kulainisha mwanga bei yake siiwezi, kwa hiyo nilikuwa nimetia flashi, ile taa ya kamera, ndani ya boksi la viatu, nikaliziba kwa kitambaa cheupe alichonishonea Baba mwenyewe, fundi cherehani kwa miaka arobaini sasa. Mshono ulipinda kama njia ya ng'ombe.

"Ulishona ukisinzia?" nilimtania asubuhi.

"Kitu cha bure, unataka mshono wa bibi harusi?"

Tulicheka sana.

Sasa nikataka kujua kitambaa kile kinapunguza ukali kiasi gani. Nikakivua, nikasogea pekupeku na flashi tupu hadi karibu na uso wake, nikabonyeza kitufe chake cha kujaribia bila kugusa kamera.

Chumba kizima kikawa cheupe. Mimi niliyeishika nilifumba macho.

Nilipofumbua, Baba alikuwa vilevile, kakaza macho pale nilipokuwa nimesimama mwanzo. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa pindo la shati, taratibu, vikifuata uzi.

"Mwanangu," alisema, "ukishaiwasha hiyo taa yako uniambie, nitatabasamu."