Bibi Harusi Katikati ya Kipilefti

Kipilefti kipya kilikuwa na njia tatu za kuzungukia bustani, na Mzee Ambilikile, mjomba wa bibi harusi, alijikuta kwenye ile ya ndani kabisa, amenasa kama nzi kwenye uji. Kila akitaka kutoka kushoto aelekee kanisani, magari ya msafara wake mwenyewe yanamziba. Wenyewe walidhani anazunguka kwa mbwembwe, kama zilivyozoea harusi za mji ule, basi matarumbeta kwenye pikapu yakazidi kulia.

"Nipisheni, nyie!" akafoka dirishani. Shangazi mtu, gari la pembeni, akamjibu kwa kigelegele.

"Mjomba," Sekela, bibi harusi mwenyewe, akasema kutoka kiti cha nyuma, "hebu punguza mwendo."

Akapunguza, akidhani binti ameshikwa na kizunguzungu.

"Unisamehe, mjomba. Kwa yule bwana siendi."

Mlango ukafunguka. Mzee alipogeuka, kiti kitupu! Sekela huyo, gauni kalikunja hadi magotini, anaruka maua ya manispaa kuingia bustani ya katikati.

"Mama yangu!" Mzee akamaka. Kusimama hawezi, wa nyuma wanampigia honi. Akazunguka tena, jasho likimtoka. Safari hii binti kavua viatu.

Akazunguka tena. Vigelegele vilikuwa vimekatika, matarumbeta kimya. Msafara mzima ulikuwa ukimzunguka bibi harusi polepole, midomo wazi madirishani, na yeye amekaa zake kwenye nyasi, anajipepea kwa shada la maua.