Kihisi cha Nne

Kwetu raia haruhusiwi kupima hewa. Kila asubuhi redio hututangazia kuwa inatosha, nasi tunaamini. Vipimo pekee vilivyosalia mitaani vimo ndani ya magari ya kizamani.

Fundi Chande alikwisha kubadilisha kihisi cha oksijeni cha gari la shemeji yake Mgeni mara tatu, na taa ya onyo bado iliwaka.

"Ufundi wako wa kuokota huo," Mgeni alimcheka. "Kesho ukaguzi. Wakilichukua gari, mwanangu Subira nitampeleka hospitali mgongoni?"

Chande alikagua nyaya na bomba la moshi, akafunga kihisi cha nne. Taa ikawaka.

"Shemeji," alisema taratibu, "kihisi hulinganisha moshi na hewa ya nje. Vihisi vyote ni vizima. Moshi hauna kosa. Iliyobaki ni hewa."

Mgeni aliacha kucheka. "Mwanangu amelala tangu jana mchana. Hospitali waliniambia ni uvivu."

Chande aliichomoa balbu ya onyo, akairudishia dashibodi kifuniko chake.

"Ukaguzi utapita," alisema.

Wote wawili wakatazama dirisha la chumba cha Subira. Mgeni alikuwa ameliacha wazi, mtoto apate hewa.