Nyota Iliyofichwa na Vumbi

Khairat alikuwa ameshika kanzu ya mumewe, anataka kuifukiza udi, binti yake anayesomea mambo ya nyota alipomsogezea kompyuta yenye picha ya anga.

"Mama, hapa katikati pana nyota changa, bado imefunikwa na vumbi. Hii michirizi ni gesi inayofoka kutoka kwake, juu na chini."

"Mbona imepinda?"

"Nyota hiyo inazungukana na mwenzake. Mwenzake anaivuta, ndiyo maana gesi inatoka ikiyumba."

"Na huyo mwenzake yuko wapi?"

"Hatujamwona, vumbi limemficha. Ila mchirizi haupindi bure."

Khairat akaitazama kanzu mkononi mwake. Kanzu ile mumewe alirudi nayo jana kutoka dukani kwake Kerege, safi, imepigwa pasi. Alisema aliipeleka kwa dobi.

Akaisogeza puani. Udi wa nyumba hii anauchanganya mwenyewe, na hajawahi kutia karafuu. Huu ulikuwa na karafuu, umekolea mpaka kwenye mishono. Na dobi hafukizi nguo.

Mumewe akaingia, akatoa salamu, akanyoosha mkono aipokee kanzu yake.

Khairat aliitikia salamu. Kanzu hakuiachia.

"Keti kwanza," alisema. "Mwanao akueleze wanaijuaje nyota wasiyoiona."