Mteja wa Droo ya Tatu

Asubuhi hiyo, bibi akiwa bafuni, Sindano alikuwa amepiga magoti mbele ya droo ya tatu, anaiba.

Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa vile alivyoweza kupita chumbani mtu asijue kuna aliyepita. Alifunua karatasi laini moja baada ya nyingine, sikio moja likiwa kwenye maji yanayomwagika, mpaka akaifikia ile aliyojiapiza hataigusa kamwe.

Ilikuwa skafu ya hariri ya rangi ya damu ya mzee, na kware wakikimbizana kwenye pindo. Kware wenyewe hawakuchapwa. Walifumwa humohumo kwenye kitambaa, uzi kwa uzi, kwa mchoro wa mbunifu aliyefariki kabla mama yake Sindano hajazaliwa. Bibi alikuwa fundi cherehani kwenye duka kubwa la nguo, na hiyo ndiyo skafu ya kwanza aliyoinunua, baada ya kujinyima miezi saba. Zilizofuata, sitini na zaidi, zilikuwa wadogo zake tu.

"Mke mwenzangu," bibi aliita kutoka bafuni, "umelala au umeolewa?"

"Nipo, bibi. Natafuta taulo lako."

Taulo lilikuwa begani kwake.

Hii ilikuwa ya kumi na mbili. Droo ingekuwa imeshapwaya zamani, ila bibi alikuwa bado ananunua, kwa hiyo pengo halikuonekana. Tena bibi siku hizi alisahau. Alitia chumvi mara mbili, alimwita mama kwa jina la shangazi. Kumwibia mtu anayesahau ni kazi nyepesi mno.

Mama ndiye pekee aliyewahi kuuliza. Ile ya majani ya mwanzi iko wapi? Labda kwa dobi, Sindano alijibu. Mama alimwangalia, akachukua begi lake la zamu, akaenda kazini. Afadhali angempiga kofi.

Sindano alipokwisha kumvalisha bibi na kumkalisha kwenye kiti cha dirishani, alijifungia jikoni. Alitandika shuka jeupe mezani, akapiga picha ya mbele, akaigeuza skafu, akapiga ya nyuma. Mteja hakubali picha moja. Skafu iliyochapwa hufifia kwa nyuma. Iliyofumwa, rangi zake hupeana zamu tu: kware waliokuwa weusi wanakuwa wekundu, na uwanja mwekundu unakuwa mweusi.

Mteja alikuwa mmoja tu tangu mwanzo. Hakujua kwamba anaongea na msichana wa shule. Alidhani ni mzee mwenye duka, maana Sindano alijiandikisha kwa jina la Bwana Hariri. Na mteja huyo alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza aliandika kwamba akiletewa ya kuchapwa atakuja mwenyewe na mkasi, aanze na skafu, amalizie na masharubu ya muuzaji. Sindano, ambaye darasani hajawahi kunyoosha mkono, alijikuta akijibu kwamba masharubu yake nayo yamefumwa, hayakuchapwa. Walitaniana hivyo wiki nzima.

Kila kifurushi kilipofika, mteja aliandika maneno marefu ya furaha: alivyoitafuta skafu kama hiyo miaka nenda miaka rudi, ilivyo baridi ukiiweka shavuni. Hayo ndiyo yaliyomuumiza Sindano. Hela iliyoingia aliiona kama kaa la moto. Jioni ileile aliichomeka kwenye pochi ya bibi, na bado hakupata nafuu. Alikuwa anamdanganya mtu mzima aliyemwamini, na kila uongo ulidai mwenzake.

Angeacha. Mara tatu alishasema anaacha. Lakini mwezi huu majibu ya mteja yalianza kuwa mafupi. Aliulizia skafu ileile mara mbili, kama vile hajajibiwa. Kisha zikapita siku nne bila neno, na Sindano akagundua kwamba hofu ya kukamatwa si kitu mbele ya hofu ya kumpoteza mteja huyu. Ndiyo maana leo kware. Kama kware hawatamrudisha, hakuna kitakachomrudisha.

Akaufungua mlango wa jikoni kidogo, akasikiliza. Akaandika:

"Bibie, hii sijamwonyesha mtu mwingine. Damu ya mzee, kware kwenye pindo, imefumwa. Tazama mbele, tazama nyuma. Niambie neno moja tu, nikuwekee."

Akabonyeza. Alama mbili zikatokea. Akaikodolea macho simu yake mpaka yakaanza kumwasha, asipate hata herufi moja.

Akaenda sebuleni, kwa mteja wake. Mapajani mwa bibi simu ilikuwa bado inawaka, na kwenye kioo chake kware walikuwa wanakimbizana, weusi kwa wekundu, wekundu kwa weusi. Bibi aliwatazama kwa adabu, kama mtu anayetazama picha za harusi ya watu asiowajua, kisha akainua uso.

"Samahani, binti," akasema. "Simu hii ni ya nani?"