Darubini ya Mzee Mwinchande

Haya, nikutegee: king'aacho gizani bila moto ni nini? Huna? Basi sikiliza.

Mzee Mwinchande alikwenda dukani na mkewe kununua darubini ya bunduki, ile inayoona joto la mwili. Majuzi, akiwavizia nguruwe wanaomaliza mihogo, nusura ampige punda wa jirani.

"Macho yako bado mazima, baba?" mkewe, Bi Somoe, akamuuliza.

Mzee akakohoa tu. Kwao, mwindaji aliyepungukiwa macho humwachia mdogo wake bunduki.

Muuzaji akamwingiza Bi Somoe stoo, akazima taa. Mzee akachungulia kwa darubini. Mkewe aling'aa mweupe gizani, anamtolea ulimi.

"We mwanamke, ulimi huo!" Mzee akacheka mpaka machozi.

"Na macho je?"

"Yalikwisha zamani, Somoe. Leo ndiyo nakuona tena."